Boy, Simba wa Sinema

Wengi wetu huku Eastlands tunadhani Elsa ndiye aliyecheza sinema ya Born Free. Wapi! Elsa alikufa mwaka 1961, na sinema ikatoka 1966. Walicheza simba wengine, wakiwemo Boy na dada yake Girl, waliofugwa na wanajeshi wa Uingereza hapa Kenya.

Sinema ilipoisha, George Adamson aliwapeleka Meru wajifunze kuwinda. Baadaye Boy akahamia Kora, kando ya mto Tana. Mwaka 1971 alimuua mfanyakazi wa kambi, na Adamson akampiga risasi.

Je, kosa ni la nani? Mimi nasema ni letu binadamu. Tulimzoesha watu, tukasahau kwamba mwana wa simba ni simba.