Batli Isiyoonekana: Kutafuta Kumbukumbu za Baruapepe baada ya Seva Kupandishwa Toleo

Utangulizi

Katika lugha ya mabaharia, batli ni daftari la kumbukumbu za safari ya chombo. Neno hilo lafaa pia kutaja faili ambamo seva ya baruapepe huandika kila ujumbe uliopokewa, uliotumwa au uliokataliwa. Makala hii inachunguza kwa nini maandishi ya batli hiyo hutoweka baada ya mfumo kupandishwa toleo, na namna ya kuyatafuta.

Na ichukuliwe mfano wa kubuni. Mwanafunzi wa uzamili anayeishi Langas, Eldoret, anatuma tasnifu yake kwa baruapepe saa chache kabla ya makataa. Idara inasema haikupokea kitu. Msimamizi wa seva anafungua batli, haoni anwani ya mwanafunzi, na anakata shauri kwamba barua haikufika. Iwapo seva ilipandishwa toleo siku chache kabla, hukumu hiyo haina msingi. Ukimya wa batli si ushahidi kwamba barua haikuwapo.

Karani aliyebadilishwa

Postfix, programu ya Wietse Venema iliyotolewa mwaka 1998, kwa kawaida haijiandikii batli, bali humwachia karani kazi hiyo. Mfumo wa karani huyo, syslog, ulibuniwa na Eric Allman katika miaka ya 1980 kwa ajili ya seva ya baruapepe ya Sendmail.

Debian 12, iliyotolewa Juni 2023, ilibadili desturi hiyo. Mfumo ukisakinishwa upya, rsyslog haiwekwi tena isipokuwa iombwe. Kumbukumbu hutunzwa na journald. Hivyo faili ya /var/log/mail.log haipo, lakini maandishi yapo mahali pengine. Amri ya journalctl --facility=mail huyaonyesha.

Hata pale rsyslog ilipobaki, usanidi wake mpya una mabadiliko mawili. Kwanza, faili za mail.info, mail.warn na mail.err haziandikwi tena; yote huingia mail.log. Pili, tarehe huanza na mwaka. Anayetafuta "Jun 14" hapati kitu, ilhali mstari upo chini ya "2023-06-14".

Mlango uliofungwa

Kuna hali ya tatu. Kwa sababu za usalama, baadhi ya michakato ya Postfix hufungiwa ndani ya saraka ya /var/spool/postfix na haioni kitu nje yake. Ili imfikie karani, ni lazima awekewe mlango humo humo, yaani dev/log. Mlango huo ukikosekana baada ya karani kuwashwa upya, michakato iliyofungiwa hunyamaza huku mingine ikiendelea kuandika. Batli yenye mapengo ni dalili ya hali hii.

Jaribio moja hutenganisha makosa hayo. Amri ya logger -p mail.info jaribio humpelekea karani neno moja moja kwa moja. Likionekana katika batli, karani yu mzima na kasoro iko kati yake na Postfix. Lisipoonekana, kasoro ni ya karani mwenyewe au ya mahali anapoandika.

Hitimisho

Mhakiki wa miswada haamui kwamba ubeti haukutungwa kwa kuwa haumo katika nakala moja, hulinganisha nakala. Baruapepe nayo ina nakala mbili za ushahidi, kwa kuwa seva iliyotuma huandika batli yake. Postfix inapopokea barua huijibu seva hiyo kwa tarakimu 250 na namba ya foleni, na jibu hilo kwa kawaida huhifadhiwa upande wa mtumaji. Kabla ya mwanafunzi kuambiwa amechelewa, batli zote mbili zisomwe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.