Mtindi, karanga na blenda: maswali kutoka Shinyanga na Geita

Usukumani maziwa mgando na karanga ni vya nyumbani tangu zamani. Kigeni ni blenda tu. Mtaalamu wetu wa lishe anawajibu wasomaji.

*Nauza smuthi Kahama. Kila nikiweka karanga ya kusaga kwenye mtindi, inabaki madonge chini ya jagi. Nifanyeje?*

Dada, badilisha mpangilio. Karanga iliyosagwa ina mafuta mengi, na ikikutana na mtindi wa baridi inagandamana. Chukua vijiko viwili vya chakula vya karanga, ukoroge na mtindi kidogo usio wa baridi mpaka ulainike kama uji. Hapo ndipo uongeze mtindi uliobaki, kama robo lita, na ndizi moja iliyoiva sana. Usisage muda mrefu, maana mtindi unakuwa mwepesi kama maji. Msimu wa embe, acha sukari kabisa. Umeme ukikatika, chupa safi yenye kifuniko na mkono wenye nguvu vinatosha, ila ndizi iponde kwanza.

*Bibi zetu waligandisha maziwa mabichi kwenye kibuyu. Kwa nini mnatuambia tuchemshe?*

Kwa sababu ya brusela, homa inayotoka kwa ng'ombe na kumrudia mtu kwa miezi. Uchachu wa mtindi hautoshi kuua vijidudu vyake. Chemsha, acha yapoe mpaka yawe vuguvugu, tia vijiko viwili vya mtindi mzuri kwa kila lita, kisha funika. Kwa joto la Shinyanga, ukiweka jioni asubuhi yameganda. Kibuyu sikikatazi, mradi kioshwe kwa maji ya moto na kikauke hasa.

*Mimi ni mchimbaji mdogo Rwamgasa. Wenzangu wanasema mtindi unasafisha zebaki mwilini. Ni kweli?*

Hapana, kaka, na imani hii inanitia hofu kuliko madonge ya karanga. Unapochoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki, mvuke unaingia mapafuni na kutoka hapo kwenye damu. Maziwa yanaishia tumboni. Hayana njia ya kuufuata. Hata vumbi la mwamba hayaliondoi. Kinachosaidia ni kutumia ritoti, yaani chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke wa zebaki, kuchomea mbali na nyumba na watoto, na kupunguza zebaki yenyewe. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini mkataba haukushikii pua. Na tafadhali, kinu au beseni lililowahi kutumika kuchenjulia dhahabu lisirudi jikoni, hata ukiliosha vipi. Mtindi kunywa kwa kuwa ni chakula: glasi ile yenye karanga ina protini ya kutosha kumshikilia mtu wa kazi nzito asubuhi nzima.

*Karanga iliyosagwa tayari, ya sokoni, inafaa?*

Mimi hununua karanga nzima. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na kuvu hao huipenda karanga pia. Karanga nzima unaiona: iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyobadilika rangi unaitupa, wala humpi kuku. Ikishasagwa huoni kitu, na kukaanga hakuondoi sumu yote. Chambua, kaanga, ndipo uende mashineni. Ufuta na mbegu za maboga nazo zinafaa. Ufuta upepete na uoshe kwanza kwa sababu ya mchanga, na usiuache uungue, utakuwa mchungu.

*Mtoto wa miezi minane anaweza kunywa smuthi hii?*

Vijiko vichache, pamoja na maziwa ya mama. Karanga iwe laini kabisa. Mwanzoni mpe kidogo sana na umwangalie kama atavimba au kutoka vipele. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja.

*Kiangazi maziwa yanaadimika. Tufanyeje?*

Wenye ngitili, yaani malisho yaliyofungwa tangu masika, ng'ombe wao hawakauki mapema. Mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI, ulioanza Shinyanga mwaka 1986, ulifufua ngitili nyingi. Asiye na ng'ombe anunue maziwa ya unga, akoroge na maji yaliyochemshwa na kupoa hadi vuguvugu, kisha atie mtindi kidogo. Yanaganda vizuri tu.