Kama Mungu Ananibariki, Mbona Nateseka? Tujifunze kwa Mtakatifu Josephine Bakhita

Leo nataka tuliangalie swali ambalo nimelisikia mara nyingi kwenye vikao vya vijana parokiani, na kwa kweli nimeshalisikia hata ndani ya moyo wangu mwenyewe: kama Mungu ananibariki, mbona nateseka?

Dada mmoja wa jumuiya yetu aliliuliza wazi mbele ya wote. Alimaliza chuo miaka mitatu iliyopita. Ameomba kazi kila mahali, amesali novena, amefunga, kazi hakuna. Akaanzisha biashara ndogo, baba yake akaugua, mtaji wote ukaishia kwenye dawa. Akasema, "Wenzangu ambao hata Jumapili hawaonekani kanisani mambo yao yananyooka. Mimi ninayesali kila siku ndiyo kwanza yanaharibika. Au Mungu hanijui?"

Mmoja akamwambia aongeze imani. Mwingine akamwambia labda kuna dhambi hajaiungama. Yule dada aliondoka na huzuni kubwa kuliko aliyokuja nayo, na siku hizi haji tena mara kwa mara. Ndiyo maana naandika somo hili. Jibu baya kwa mtu anayeumia linaweza kumfungia mlango wa kanisa.

1. BARAKA NI NINI HASA?

Siku hizi mtaani neno "baraka" limekuwa na maana moja tu: gari, nyumba, kazi nzuri, mchumba, safari. Ukipata hivyo, umebarikiwa. Ukikosa, eti kuna kitu kimefungwa.

Hebu tufungue Biblia. Katika Mwanzo sura ya 12 Mungu anamwahidi Abrahamu kwamba atambariki na kumfanya awe baraka kwa wengine. Sasa soma sura hiyohiyo, mstari wa 10. Njaa kali inaingia katika nchi, na huyo aliyebarikiwa analazimika kukimbilia Misri. Ahadi na njaa zimo katika ukurasa mmoja!

Mwangalie pia Mama yetu Maria. Katika Luka sura ya 1 Elizabeti anamwita mbarikiwa kuliko wanawake wote. Baada ya hapo anajifungua mahali ambapo mtoto analazwa horini, anakimbia usiku na mwanae kwenda ugenini, anaambiwa na Simeoni kwamba upanga utauchoma moyo wake, na mwisho anasimama chini ya Msalaba. Kama baraka ingekuwa maana yake ni kukosa shida, basi Maria angekuwa wa mwisho kuitwa mbarikiwa.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1078, inatufundisha kwamba kubariki ni tendo la Mungu linalotoa uhai, na chanzo chake ni Baba. Yaani baraka ya kwanza ni Mungu kujitoa kwetu Yeye mwenyewe. Vitu vingine vinaweza kuja au kuchelewa, lakini hiyo ya kwanza haichelewi.

Sisemi kwamba ni vibaya kuomba kazi au afya. Yesu mwenyewe alitufundisha kuomba mkate wa kila siku. Ninachosema ni hiki: tusipime upendo wa Mungu kwa kuangalia salio la simu.

2. MSICHANA ALIYEITWA "MWENYE BAHATI"

Bakhita alizaliwa Darfur, Sudan, karibu mwaka 1869. Ni miaka ileile ambayo wamisionari wa Roho Mtakatifu walikuwa wameanza kazi yao Bagamoyo (1868), wakiwakomboa watumwa. Kwa hiyo biashara iliyompata Bakhita sisi tunaijua. Ilipita hapahapa kwetu pia.

Alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa akiwa bado mtoto mdogo. Alipata hofu kubwa kiasi kwamba alisahau jina alilopewa na wazazi wake. "Bakhita" ni jina alilopewa na waliomteka, na kwa Kiarabu maana yake ni mwenye bahati. Neno letu "bahati" limetoka hukohuko. Fikiria dhihaka hiyo: unamwiba mtoto kwa mama yake halafu unamwita mwenye bahati!

Aliuzwa mara kadhaa. Katika nyumba moja alichanjwa mwilini kwa wembe, chale 114, kisha zikapakwa chumvi ili makovu yabaki. Makovu hayo alikufa nayo.

Mwaka 1883 alinunuliwa Khartoum na afisa wa ubalozi wa Italia, ambaye kwa mara ya kwanza hakumpiga. Baadaye alifika Italia, akawa mlezi wa mtoto katika familia moja. Wenye nyumba waliposafiri kwenda Afrika kwa shughuli zao, walimwacha yeye na mtoto kwa Masista wa Canossa huko Venice. Hapo ndipo alipoanza kujifunza katekesi.

Papa Benedikto XVI, katika waraka wake kuhusu matumaini, Spe Salvi, wa mwaka 2007, anaeleza jambo zuri sana. Bakhita alikuwa amewajua mabwana wengi, na karibu wote walimtesa. Sasa akasikia kwamba yuko Bwana aliye juu ya mabwana wote, tena ni mwema, anamjua yeye Bakhita, anampenda, na Yeye mwenyewe alichapwa mijeledi. Sisi tunaosema Kiswahili tunalielewa hili haraka, kwa sababu neno ni hilohilo: bwana wa mtumwa, na Bwana wetu Yesu Kristo. Kumbe kwa Bakhita habari njema haikuanza na kuondolewa mateso. Ilianza na kujua kwamba anajulikana na kupendwa.

Bibi wa nyumba aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa kuondoka. Kesi ikafika mahakamani, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba ni mtu huru, kwa kuwa sheria za Italia hazikutambua utumwa. Tarehe 9 Januari 1890 alipokea Ubatizo, Kipaimara na Ekaristi Takatifu siku moja. Mwaka 1896 aliweka nadhiri zake. Kwa miaka mingi alitumika katika mji wa Schio kama mpishi, mshonaji na mlinda mlango. Alifariki tarehe 8 Februari 1947, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

3. JE, MUNGU NDIYE ALIYETAKA AUZWE?

Hapa tutulie kidogo, maana ndipo wengi tunapojikwaa. Bakhita aliwahi kusema kwamba angekutana na wale waliomteka angepiga magoti na kuibusu mikono yao, kwa sababu bila hayo yote asingekuwa Mkristo na mtawa. Je, maana yake utumwa ulikuwa mzuri? Au kwamba Mungu aliupanga?

Hapana! Mungu si chanzo cha uovu, si moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Hayo ni mafundisho ya Kanisa (Katekisimu, namba 311). Namba inayofuata inasema Mungu anaweza kutoa jema hata kutoka katika ubaya uliotendwa na viumbe wake, na mfano inaoutoa ni Yosefu, ambaye naye aliuzwa na ndugu zake. Soma Mwanzo 50:20. Yosefu hawaambii ndugu zake kwamba walifanya vizuri. Anawaambia walikusudia mabaya, lakini Mungu alikusudia mema.

Kwa hiyo ukimkuta rafiki yako anaumia usimwambie, "Ni mpango wa Mungu." Aliyemwibia mtaji wake hakutumwa na Mungu. Anayemdai rushwa ya ngono ili ampe kazi hakutumwa na Mungu. Bakhita mwenyewe alipopata nafasi ya kukataa utumwa, aliukataa mpaka mahakamani. Kumtumaini Mungu hakutukatazi kudai haki.

4. IMANI INAKUAJE KATIKA MATESO?

Mtakatifu Paulo (Warumi 5:3-5) anapanga kama ngazi: dhiki inazaa saburi, saburi inazaa uthabiti, uthabiti unazaa matumaini, na matumaini hayo hayatuaibishi kwa sababu pendo la Mungu limekwisha kumiminwa mioyoni mwetu. Ona kwamba pendo lipo tayari. Halingoji tupande ngazi hadi juu.

Lakini dhiki peke yake haimkuzi mtu. Wapo wanaotoka kwenye shida wakiwa na uchungu tu. Kinachokuza imani ni kuipitia dhiki tukiwa tumemshika Yeye, hata kama tumemshika kwa kidole kimoja.

Na kukua katika imani hakumaanishi kidonda kinafutika. Katika ugonjwa wake wa mwisho Bakhita alirudiwa na kumbukumbu za utumwani, akamwomba aliyemhudumia amlegezee minyororo kwa kuwa ni mizito. Alikuwa mtawa kwa zaidi ya miaka 50, tena mtakatifu! Basi kama wewe bado unashtuka usiku kwa sababu ya yale yaliyokupata utotoni, usidhani huna imani. Hata Bwana wetu alipofufuka aliwaonyesha wanafunzi mikono yenye alama za misumari.

5. SASA TUFANYE NINI?

Kwanza, sali ulivyo. Usimpambie Mungu maneno. Zaburi ya 13 na ya 88 ni malalamiko kabisa, na Kanisa linazisali. Kumlalamikia Mungu ni sala. Kumnyamazia na kuondoka ndiko kunakoumiza.

Pili, ukishindwa kusali, waache wengine wakusalie. Mimi nilipofiwa na mama nikiwa kidato cha tano sikuweza kumaliza hata fungu moja la Rozari. Akina mama wa jumuiya walikuja nyumbani jioni tisa mfululizo, mimi nimekaa tu kimya. Imani yao ilinibeba mpaka yangu ikapata miguu.

Tatu, usiache Sakramenti. Nenda Misa hata kama huhisi kitu. Nenda Kitubio. Ekaristi ni chakula cha safari, na mtu mchovu ndiye anayehitaji kula.

Nne, fanya sehemu yako. Anayeumwa aende hospitali. Mwenye msongo wa mawazo azungumze na padre, na pia na mtaalamu wa afya ya akili. Asiye na kazi aendelee kutafuta na kujifunza ujuzi. Neema haichukui nafasi ya jembe.

Tano, uwe baraka kwa mwingine. Abrahamu alibarikiwa ili awabariki wengine. Bakhita hakuwa na mali ya kugawa. Alikuwa na mlango wa kufungua, na waliobisha alipokuwa zamu walipokelewa kwa upole. Wewe una nini? Labda muda wa kumsikiliza mtu bila kumhukumu.

MASWALI YA KUTAFAKARI

- Ni shida gani imenifanya nifikiri kwamba Mungu hanijui?
- Je, nimewahi kumuumiza mtu kwa jibu la haraka alipokuwa katika mateso? Naweza kumtafuta wiki hii?
- Nani amenibeba kwa imani yake nilipochoka? Nimemshukuru?

TUSALI

Ee Bwana Yesu, wewe unanijua jina langu hata pale ninapojisahau. Sikuombi leo kuelewa yote. Nakuomba nisikuachie mkono. Unipe mkate wa leo, nguvu ya leo na rafiki wa kutembea naye. Majeraha yangu uyashike kwa mikono yako iliyotobolewa, na unifanye baraka kwa aliyechoka kuliko mimi. Mtakatifu Josephine Bakhita, utuombee. Amina.

Sikukuu yake ni tarehe 8 Februari, siku ambayo Kanisa linawaombea pia wahanga wa biashara ya binadamu. Iandike kwenye kalenda yako, na siku hiyo mwalike kijana mmoja aliyepotea kwenye jumuiya mwende Misa pamoja.

Mungu akubariki, ndugu yangu. Tumsifu Yesu Kristo!