Pazia la Bafuni la Viraka vya Kanga: Lini Kushona ni Akiba na Lini ni Hasara

Kila tukizungumzia kubana matumizi ughaibuni kuna swali moja halikosi: "Nikishona mwenyewe si itakuwa nafuu?" Jibu la mhasibu ni kwamba inategemea. Leo tuchukue kitu kimoja, pazia la bafuni. Tutalishona kwa viraka vya kanga kuukuu, kisha tutalipigia hesabu yote. Mifano ni ya Uingereza, lakini ukiwa Doha au Minneapolis weka bei za huko, njia ni ile ile.

Kwa nini pazia lina uzito

Nyumba nyingi za kupanga Uingereza bafu lake ni la beseni refu, na bomba la mvua liko juu ya beseni hilo. Pazia likiwa fupi au limechanika, maji yanamwagika chini. Sakafu inavimba, ukuta unaota ukungu, na siku ya kuhama mwenye nyumba anakata kwenye dhamana yako, ile tunayoiita dipoziti.

Kwa England, sheria ya 2019 inaweka kikomo cha dhamana kuwa kodi ya wiki 5, pale ambapo kodi ya mwaka iko chini ya pauni 50,000. Kwa mikataba ya kawaida ya upangaji, dhamana hiyo lazima iwekwe kwenye mfuko uliosajiliwa ndani ya siku 30. Uchakavu wa kawaida hutakiwi kuulipia. Uharibifu wa maji uliousababisha wewe, huo unaweza kukatwa. Kwa hiyo kinacholindwa hapa ni kodi ya wiki kadhaa, si urembo wa bafu peke yake.

Vifaa

- Kanga kuukuu 3, na ya 4 ya akiba kwa sababu zilizovaliwa sana huwa na sehemu dhaifu
- Pazia la ndani la plastiki
- Pete 12, uzi imara, pini, chaki, futi ya kamba na pasi
- Cherehani, yako au ya kuazima

Usiache pazia la plastiki. Kanga ni pamba, na pamba inanyonya maji. Plastiki inaning'inia ndani ya beseni na kuzuia maji, viraka vinakaa nje. Ukiweka kanga peke yake, maji yatapita na ile dhamana itakuwa hatarini tena.

Hatua kwa hatua

1. Pima kwanza kutoka kwenye fimbo hadi karibu na sakafu. Pazia la kawaida ni takriban sentimita 180 kwa 180.

2. Fua kanga zote na uzipige pasi. Bonyeza kona iliyolowa juu ya kitambaa cheupe. Ikiacha rangi, rudia kufua. Usichanganye kanga na jinzi, kitambaa kizito huvuta chepesi na mshono unafumuka.

3. Kata vipande vya mraba vya sentimita 32. Kanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110, hivyo inatoa vipande 12, vinne kwa urefu na vitatu kwa upana. Kanga tatu ni vipande 36. Upande mmoja utabaki utepe wa sentimita 14, usiutupe. Ukitaka jina la kanga lisomeke, liweke kwenye utepe huo badala ya kulikata katikati.

4. Panga vipande sakafuni, safu 6 za vipande 6, mpaka macho yaridhike. Shona kila safu ukiacha sentimita 1 ya mshono. Mishono ya safu ya kwanza ilaze kulia kwa pasi, ya pili kushoto, uendelee hivyo hivyo. Ukiunganisha safu, mishono itakutana bila kufanya nundu.

5. Kunja pindo za pembeni sentimita 1 mara mbili. Pindo la chini kunja sentimita 1, halafu sentimita 4, ili lipate uzito.

6. Unganisha tepe mbili, shona juu ya pazia, kisha ukunje upande wa nyuma. Hapo ndipo matundu yatakapokaa, na kitambaa mara mbili hakichaniki haraka.

7. Laza pazia la plastiki juu ya lako na uweke alama ya chaki kwenye kila tundu. Toboa na uzungushie mshono kama tundu la kifungo. Yote mawili yataingia kwenye pete zile zile.

Kila ukimaliza kuoga, lifungue lote likauke. Pazia lililokunjwa likiwa bichi ndilo linaloota ukungu.

Sasa tupige hesabu

Bei hizi ni za mfano, weka za kwako. Plastiki pauni 4, pete 2, uzi na sindano 2. Jumla pauni 8.

Tuseme dukani pazia la poliesta tupu pamoja na pete ni pauni 10, na lile zuri la kitambaa, kamili, ni pauni 30. Je, umeokoa 22 au 2? Linganisha na lile ambalo kwa kweli ungelinunua. Kama siku zote unanunua la pauni 10, umeokoa pauni 2, basi. Kujilinganisha na la 30 ni kujidanganya.

Kanga zilizolala kwenye sanduku hazina gharama mpya, hela yake ilishatoka zamani. Lakini kama bado zinavalika, au ungempa mtu angefurahi, hiyo ni thamani unayoikata kwa mkasi.

Cherehani: ukinunua ya pauni 90 kwa ajili ya kuokoa 22, unahitaji mapazia matano ndiyo irudi. Nani kati yetu ana mabafu matano? Azima, au uwe na kazi nyingine za kuishonea.

Muda: tuchukulie saa 7. Kama siku hiyo kulikuwa na shifti inayokuachia pauni 11 kwa saa baada ya kodi, umeacha pauni 77. Kama ni siku ya mapumziko ambayo ungekaa na simu, muda huo haujakugharimu kitu, na pengine umekupumzisha akili.

Akiba ni ile iliyohama

Pauni 22 ambazo hazikutoka bado si akiba. Zikibaki kwenye akaunti ya matumizi, kufika Ijumaa zimeliwa na hujui zimekwenda wapi. Siku ile ile unayotundika pazia, zihamishie kwenye akaunti ya akiba. Usizitume nyumbani peke yake: ada ya pauni 3 juu ya 22 ni karibu asilimia 14. Zisubiri zichanganyike na mchango wa mwisho wa mwezi, ambao ada yake ungeilipa vyovyote vile.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba lazima kiwepo. Kwa hiyo kabla ya kushika mkasi, chukua karatasi uandike mistari minne: ningenunua lipi, natoa pesa ngapi, naacha shifti gani, na tofauti inakwenda akaunti ipi. Mstari wa nne ukiwa mtupu, shona kwa kujifurahisha, ni halali yako, ila usiiite akiba.