Hadithi Iliyorudishwa Si Hadithi Iliyokufa

Kila mkulima wa Ruiru na Thika ajua ya kuwa mche wa kahawa uliopandwa leo hauleti buni mwakani. Hungojewa kama miaka 3. Hata kahawa iitwayo Ruiru 11 haikupatikana kwa siku moja. Wataalamu walijaribu na kujaribu tena miaka mingi kabla wakulima hawajapewa mwaka 1985. Lakini mwandishi mpya wa hadithi aghalabu hana subira hiyo. Hadithi yake ya kwanza ikikataliwa, hudhani ya kuwa amekataliwa yeye mwenyewe.

Tumfikirie kijana akaaye Ruiru na kufanya kazi katika kiwanda huko Thika. Usiku, wenziwe wakilala, yeye huandika. Amepeleka hadithi yake kwa wachapaji, na baada ya miezi 8 imerudi na barua fupi ya masikitiko. Sasa daftari li mkononi, na jiko la makaa li mbele yake. Je, alitie motoni? Kwanza na asikilize habari za waliomtangulia.

Ngugi wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru, alikuwa mwanafunzi wa Makerere alipoandika riwaya yake ya kwanza, akiikusudia kwa mashindano ya East African Literature Bureau mwaka 1961. Riwaya hiyo, "The River Between", haikutoka mpaka 1965. Iliyotangulia kutoka, mwaka 1964, ni "Weep Not, Child", aliyoiandika baadaye. Maana yake ni kwamba alipokuwa akiingojea ya kwanza hakukaa bure, aliandika nyingine.

Hata mshindi hungoja. Muhammad Said Abdulla wa Unguja alishinda mashindano ya hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957-58 kwa "Mzimu wa Watu wa Kale", na kitabu kilitoka mwaka 1960. Wakati huo alikuwa na kazi yake ya kila siku, kama kijana wetu.

Tena, gereza la Kamiti haliko mbali na Ruiru. Humo, mwaka 1978, Ngugi aliandika "Caitaani Mũtharaba-inĩ" juu ya karatasi za msalani. Siku moja askari walizichukua karatasi hizo; baadaye alirudishiwa, akaendelea. Kitabu kilitoka mwaka 1980.

Basi mwandishi mpya na ashike mambo haya matatu.

Kwanza, atenganishe kosa la hadithi na nafsi yake. Akiambiwa kuwa mwisho wa hadithi ni dhaifu, hilo ni neno juu ya mwisho wa hadithi tu, na mwisho waweza kuandikwa upya. Amsomee kwa sauti rafiki asiyeogopa kusema kweli, na aangalie ni wapi rafiki anapoanza kupiga miayo.

Pili, ajiwekee kipimo anachokiweza. Kuchapishwa hakumo katika uwezo wake, bali kuandika ukurasa 1 kila usiku kumo. Mwaka ukiisha atakuwa na kurasa zaidi ya 300. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, asipeleke kamwe nakala aliyo nayo moja tu. Ikirudi, aifungie sandukuni mwezi mmoja, kisha aisome kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Ndipo ataona makosa ambayo jana hakuyaona.

Hatusemi ya kuwa kila hadithi itapigwa chapa. Nyingine ni za kujifunzia, kama vile fundi seremala asivyouza kiti chake cha kwanza. Lakini kiti hicho ndicho kilichomfundisha mkono wake, naye hakioni haya.

Kwa hiyo kijana wa Ruiru na alifungie daftari lake sandukuni. Makaa yapikie chai. Kesho, akitoka kazini Thika, apitie dukani anunue daftari jipya.