Nyoka wa Kisiwa cha Guam

Wazee husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini yuko mgeni ambaye kuja kwake ni msiba.

Guam ni kisiwa kilicho chini ya Marekani katika Bahari ya Pasifiki, chenye ukubwa wa kilometa za mraba 540 hivi. Zamani msitu wake ulijaa sauti za ndege. Kisha watu wakaona ndege wanapungua, kwanza upande wa kusini, baadaye kaskazini. Wengine walidhani ni ugonjwa, wengine ni dawa za kuulia wadudu. Mtaalamu mmoja, Julie Savidge, alizichunguza sababu hizo, asipate ushahidi. Alipotega mitego yenye ndege ndani, ndege wale waliliwa na nyoka. Mwaka 1987 alitangaza kwamba mharibifu ni nyoka wa miti mwenye rangi ya kahawia.

Nyoka huyu si mwenyeji wa Guam. Alifika baada ya Vita Kuu ya Pili, na yaaminika alijificha katika mizigo ya jeshi. Usiku hupanda miti, akala mayai, makinda, na hata ndege wakubwa.

Mbona ndege hawakujikinga? Kisiwani hapakuwa na nyoka ila mmoja mdogo mno, kipofu, alaye mchwa na sisimizi. Kwa hiyo ndege hawakujua kuogopa nyoka. Tena kisiwa ni kidogo, hawakuwa na pa kukimbilia. Kati ya aina 12 za ndege wa asili wa msituni, 10 zilitoweka Guam.

Hasara haikuishia hapo. Buibui walizidi sana, na miti mingi ikakosa ndege wa kutawanya mbegu zake.

Ndege mmoja asiyeruka, aitwaye ko'ko', aliokolewa. Wachache walikamatwa miaka ya 1980, wakazalishwa vizimbani, na uzao wao ukaachwa huru katika visiwa vya jirani. Leo mbwa hunusa mizigo itokayo Guam, nyoka asije akasafiri tena.

Sisi tulio karibu na Ziwa Viktoria tusidhani jambo hili ni la mbali. Ziwa nalo ni kama kisiwa, ila hapa maji ndiyo yaliyozungukwa na nchi kavu. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950. Amewapa wavuvi fedha, lakini aina nyingi za samaki wadogo wa asili zimetoweka. Basi kabla ya kuhamisha samaki, mnyama au mmea, yatupasa tuulize kwanza: huko aendako, nani ataliwa?