Kila Ndege na Ubawa Wake: Vidokezo 7 vya Kupata Njia Yako ya Kuandika

Kwa miaka mitatu nilijidai mwandishi wa usiku. Nilishasikia kwamba watunzi wa kweli hukesha, basi nami ikifika saa 4 najimiminia chai ya rangi, nafungua daftari, na saa 4:20 nimeshalala juu yake. Halafu Jumamosi moja asubuhi, nikilinda maharage yasiungue jikoni, niliandika kurasa mbili nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Zilikuwa nzuri kuliko zote za mwezi ule. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa natembea na viatu vya mtu mwingine!

Haya ndiyo yaliyonisaidia kutafuta vyangu.

1. Jipeleleze kwa wiki mbili

Tafuta daftari dogo. Kila ukiandika, weka mstari mmoja tu: saa ngapi, wapi, umepata maneno mangapi, na kama ulifurahia au ulijikokota. Usijihukumu, we andika tu. Wiki ya pili ikiisha, lisome lote kwa mkupuo. Langu liliniumbua: usiku, mistari sita, yote imekatwa; asubuhi, huku sufuria inatokota, ukurasa na nusu.

2. Ing'ang'anie saa iliyopo

"Nikipata muda nitaandika" ni ahadi ya mdeni sugu. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, kazi aliyoianzia forodhani, na *Kusadikika* ilichapishwa mwaka 1951 akiwa bado ameajiriwa. Mwandishi wa riwaya Anthony Trollope wa Uingereza naye alikuwa mtu wa posta. Alikaa mezani saa 11:30 alfajiri, saa yake mbele ya macho, akijitoza maneno 250 kila robo saa. Akamlipa mtumishi wake paundi 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe na kahawa. Wewe huenda huna mtumishi, na maneno 250 kwa robo saa ni mbio za farasi. Lakini una dakika 25 za foleni ukiwa ndani ya daladala? Anza na hizo.

3. Wewe ni fundi wa chaki au wa mkasi?

Waangalie mafundi cherehani. Mmoja hupima, huchora kwa chaki, ndipo akate. Mwingine hukutazama juu hadi chini, hukunja kitambaa, na mkasi huo unaingia. Kwa wote wawili nguo hutoka. Watunzi nao ndivyo walivyo, na huwezi kujua uko upande gani mpaka ujaribu kote kuwili.

Andika hadithi fupi moja kwa mpango: kila tukio kwenye kipande chake cha karatasi, vitandaze mkekani, uvihamishe mpaka vitulie. Ya pili ianze na picha moja tu. Kwa mfano, mwanamke anashuka kwenye boti ya Unguja akiwa na kiatu mguu mmoja. Mfuate, uone anakokwenda. Hadithi utakayoimaliza ndiyo itakayokwambia wewe ni fundi wa aina gani.

4. Mkono ukikwama, tumia mdomo

Fasihi yetu ilitembea midomoni kabla ya kukaa karatasini. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yaliishi vichwani mwa watu miaka mingi baada ya yeye kufariki, ndipo yakakusanywa na kuandikwa. Hata leo mtunzi wa tarbia hupima mizani zake nane kwa nane kwa sikio kabla ya kushika kalamu.

Basi washa kinasa sauti cha simu, usimulie. Mimi nilirekodi ugomvi wa wahusika wangu nikienda dukani. Honi za bodaboda zilijaa tele, na muuza nyanya alinitazama kwa huruma, lakini ule ugomvi ulikuwa hai kuliko wowote niliowahi kuutunga mezani.

5. Usisubiri kompyuta

Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti mwaka 1978, aliandika riwaya ya Kigikuyu, *Caitaani Mũtharaba-inĩ*, kwenye karatasi za chooni. Kabla yake, Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972, alitunga gerezani mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kama *Sauti ya Dhiki*.

Hatukuombei gereza! Jaribu tu kalamu wiki moja, simu wiki nyingine, na kompyuta ukiipata. Kuna mtu ambaye simu humfungulia maneno, na kuna ambaye kila akigusa aya ya pili, kikundi cha familia kinaleta mchango wa harusi.

6. Fukia kaa la kesho

Mwandishi Hemingway alishauri uache kuandika ukiwa bado unajua kinachofuata. Bibi zetu wangemwelewa upesi: usiku hufukia kaa kwenye majivu, alfajiri hulipuliza, moto ukawaka bila kibiriti. Acha sentensi katikati, au jiachie maneno manne: "Asha anakuta mlango wazi."

Na ukirudi, kalamu nyekundu iache kabatini. Wali unaofunuliwafunuliwa hauivi. Rasimu na iive kwanza. Kuhariri kutapangiwa siku yake.

7. Njia nayo huhama

Mtoto akizaliwa, zamu ya kazi ikibadilika, au jirani akifungua karakana ya kuchomelea vyuma, utaratibu wako wa jana huvunjika. Usiulilie, tafuta mwingine. Mimi nilizawadiwa sufuria la presha. Maharage yaliyokuwa yakila asubuhi nzima sasa yanaiva kwa dakika 40, na kurasa zangu nazo zikapungua vivyo hivyo.

Nimelitoa tena lile daftari dogo. Jumamosi hii najaribu kibarazani, nikilinda nguo zisinyeshewe.